Alamu ya Maji Inapolia, Nani Anasema Kweli?

Madereva wengi wa kwetu wamelelewa na mshale wa joto. Ukiwa katikati, mambo shwari. Ukianza kupanda, unatafuta kivuli, unapaki, unafungua boneti. Ndiyo maana alamu ya maji huwakuta hawajajiandaa: mshale umetulia, injini inavuta vizuri, feni inazunguka, halafu ghafla dashibodi inalia na taa ya kipimajoto kilichozama kwenye mawimbi inawaka na kuzima. Jambo la kwanza linalomjia dereva kichwani ni kwamba alamu ni mbovu. Basi anatafutwa fundi umeme badala ya fundi wa injini, na anachoombwa si kutafuta ugonjwa, ni kunyamazisha kelele.

Hukumu hiyo imejengwa juu ya shahidi asiyefaa. Mshale hupima joto. Alamu hupima kiwango. Sensa ya joto ni kijiti kidogo kilichofungwa kwenye njia ya maji, mara nyingi jirani na themostati au kwenye silinda hedi, na husema kweli pale tu inapokuwa imezama. Maji yakishuka chini yake, hubaki kwenye mvuke na hewa, na hewa haipeleki joto kwenye chuma kama maji yanavyopeleka. Ni sawa na kupima joto la uji kwa kijiko kilichoning'inizwa juu ya sufuria. Mshale unaweza kubaki palepale, na wakati mwingine hushuka kabisa kama vile gari limepoa, huku injini inaungua. Mafundi waliofungua injini zilizonoki wamesikia maneno haya mara nyingi: "Mshale haukupanda hata kidogo." Dereva hasemi uongo. Haukupanda kwa sababu maji ya kuupandisha hayakuwepo.

Kwa hiyo mshale uliotulia si ushahidi dhidi ya alamu. Katika tukio moja tu, lile la maji kuondoka kwa kasi, alamu ya kiwango ndiyo pekee yenye uwezo wa kusema mapema. Hosi ikipasuka, rejeta humwaga karibu kila kilichomo kwa dakika chache. Kati ya nishati yote iliyo kwenye mafuta tunayochoma, karibu theluthi moja huishia kwenye maji haya ili itupwe nje kupitia rejeta. Ndani ya silinda gesi inayowaka huvuka nyuzi 2,000, na aluminiamu, ambayo ndiyo hutengenezea silinda hedi nyingi, huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Kinachozuia viwili hivyo visikutane ni lita sita, saba au nane za maji yanayozunguka. Hedi haingoji kuyeyuka ndipo iharibike. Hupinda kabla, gasketi inaungua, na bili inabadilika kutoka bei ya hosi kuwa bei ya kushusha injini.

Si kila gari lina alamu hii, na hapo ndipo mkanganyiko mwingine unapoanzia. Toyota nyingi ndogo zilizojaa mitaani, Vitz na Passo kwa mfano, hazina hata mshale: zina taa ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi joto, basi. Kiwango cha maji ni kazi ya macho yako. Alamu ya kiwango utaikuta zaidi kwenye magari ya Ulaya, yaani Volkswagen, BMW, Mercedes-Benz, Volvo na Land Rover, pamoja na malori na mabasi makubwa. Dereva aliyezoea Toyota akinunua Passat iliyotumika hukutana na sauti ambayo hajawahi kuisikia maishani, na kwa kuwa hakuwahi kuihitaji huko alikotoka, huiona kuwa ni ushamba wa Wazungu.

Ajabu ni kwamba Volkswagen, ambayo alamu yake ndiyo inayolalamikiwa sana, kwa miaka mingi iliuza magari yasiyo na tone la maji. Ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1962 ilipozwa na upepo. Haikuwa na rejeta ya kutoboka. Kampuni ilipohamia kwenye maji ilihamia kwa tahadhari. Tazama Kombi ya kizazi cha tatu, iliyoanza kupewa injini ya petroli ya kupozwa kwa maji mwanzoni mwa miaka ya 1980: injini nyuma, rejeta mbele, na kati yao mabomba marefu yanayopita chini ya sakafu, yote yakibeba zaidi ya lita 15. Gari la namna hiyo lina sehemu nyingi za kuvujia, na dereva yuko mbali na injini kiasi kwamba hasikii wala hanusi kitu. Hapo taa ya kiwango haikuwa anasa.

Sasa, sensa yenyewe inafanyaje kazi? Njia mbili ndizo zinazotawala, na ukizijua umeshamaliza nusu ya uchunguzi. Ya kwanza ni ya Volkswagen: ndani ya chupa ya maji, ile ya plastiki nyeupe yenye umbo la mpira, kuna vijiti viwili vya chuma. Umeme mdogo sana hupitishwa kutoka kijiti kimoja kwenda kingine kwa kutumia maji kama waya. Maji yakiwepo, umeme unapita, kimya. Yakishuka chini ya vijiti, mzunguko unakatika, alamu inalia. Ya pili ni boya: kipande cha plastiki chenye sumaku kinachoelea, na swichi ndogo iliyofichwa kwenye kioo au plastiki. Boya likishuka, sumaku huibadilisha hali ya swichi. Magari mapya yana mbinu nyingine zaidi, lakini mtaani bado utakutana sana na hizi mbili.

Kila njia ina uongo wake. Vijiti huvaa utando wa kutu na uchafu hasa pale watu wanapochanganya kulanti za aina tofauti au kumimina unga wa kuziba matundu. Utando ukikolea, umeme haupiti hata chupa ikiwa imejaa. Boya nalo huweza kunywa maji likazama, au likanasa kwenye tope la chini. Na kuna uongo wa upande wa pili, ambao ni hatari zaidi: boya lililonasa juu halitalia hata chupa ikauke.

Hapa pana jambo linalochekesha kidogo. Vijiti vinahitaji maji yanayopitisha umeme. Maji safi kabisa, yale ya betri, hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo mwenye gari muungwana anayejaza maji ya betri matupu bila kulanti anaweza kujikuta na alamu inayolia bila sababu ya kuvuja. Wakati huohuo jirani yake anayejaza maji ya kisima cha Dar es Salaam, yenye chumvi ya kukatisha sabuni, hatasikia chochote. Chumvi hupitisha umeme vizuri mno. Sensa imeridhika, na aluminiamu ya rejeta inaliwa kimyakimya mpaka itoboke. Dawa ya wote wawili ni moja: kulanti halisi, ambayo viambato vyake vya kuzuia kutu ndivyo pia vinavyopitisha umeme wa kutosha.

Tuje kwenye uchunguzi wenyewe. Swali la kwanza linaonekana la kijinga ila si la kijinga: ni alamu gani hiyo inayolia? Kwenye magari mengi spika ya onyo ni moja, inatumika kwa oili, maji, breki na mengineyo, na taa ndiyo inayotofautisha. Kwenye malori hali ni mbaya zaidi, kwa sababu alamu ya upepo wa breki hulia kila asubuhi mpaka mitungi ijae na kuvuka paundi 60 hivi. Dereva na utingo wake wameshaizoea; wananywa chai huku inalia. Sikio lililofundishwa kila siku kwamba kelele hiyo itaisha yenyewe haliwezi kushtuka mchana, lori likiwa limebeba tani 30 linapanda mlima wa Kitonga. Sioni kama ni uzembe wa dereva peke yake. Aliyebuni mlio mmoja kwa mambo mawili, moja la kawaida na moja la dharura, ana lawama yake.

Ikithibitika kuwa ni maji, simama, zima, subiri. Subiri kweli, si dakika tano. Mfuniko wa rejeta au wa chupa haufungi tu, unashikilia mgandamizo. Mifuniko ya magari ya Japani huandikwa 0.9 au 1.1, yaani kilo kwa sentimita ya mraba, na kwa mgandamizo huo maji hayachemki kwenye nyuzi 100 bali karibu na 120. Ukiufungua yakiwa na nyuzi 110, mgandamizo unaondoka ghafla, na maji ambayo sekunde iliyopita yalikuwa yametulia yanachemka yote kwa pamoja, yanaruka usoni. Kitambaa mkononi hakisaidii kitu. Kwa wanaoishi nyanda za juu mfuniko una thamani zaidi: Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94, kwa hiyo mfuniko uliochoka huonekana kule mapema kuliko Mombasa.

Injini ikipoa, tazama chupa. Mistari miwili, chini na juu, ni ya injini baridi. Maji hutanuka kwa asilimia nne hivi kutoka joto la kawaida hadi kuchemka; kwenye mfumo wa lita nane hiyo ni kama theluthi ya lita, inatosha kabisa kuibeba chupa kutoka mstari wa chini hadi wa juu. Hilo linaeleza tabia inayowasumbua wengi: alamu inalia asubuhi ya baridi, gari likipata moto inanyamaza. Watu husema sensa ina unyevu. Mara nyingi sensa haina kosa. Maji yamepungua kidogo, yamesinyaa usiku, na yamepanda tena yalipopata joto. Vivyo hivyo inayolia kwenye kona au mteremko tu. Mfumo huwa umewekewa kusubiri sekunde kadhaa ili mawimbi ya ndani ya chupa yasiupotoshe, kwa hiyo kama bado unalia kwenye kona ndefu, maji yako mpakani. Jaza, weka alama kwa kalamu ya wino, na uangalie baada ya siku chache.

Kama alama imeshuka, maji yanakwenda mahali. Mfumo huu umefungwa, haunywi. Sentensi ya "mimi huwa naongeza kidogo kila wiki, ni kawaida" ndiyo mwanzo wa injini nyingi zilizokufa. Kwa kuvuja kwa nje, dalili ni rahisi kwa anayetazama: chumvichumvi nyeupe au alama ya kijani au ya waridi kwenye maungio ya hosi, kwenye mshono wa tanki la plastiki na wavu wa aluminiamu wa rejeta, na chini ya pampu ya maji, ambako kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi kivuje sili ya pampu inapochoka. Kuna fundi anayekiziba kitundu hicho kwa gundi. Kwa maneno mengine, ameziba mdomo wa alamu nyingine.

Kuvuja kwingine hukauka kabla ya kuonekana. Maji yakitoka tone kwa tone juu ya chuma cha moto huondoka kwa mvuke, na chini ya gari hakuna hata unyevu. Hapa ndipo kifaa cha kupimia mgandamizo kinapostahili sifa kuliko chochote gerejini: pampu ya mkono yenye geji, inafungwa badala ya mfuniko, inapandishwa hadi kipimo kilichoandikwa kwenye mfuniko huku injini ikiwa baridi, kisha watu wanakaa kimya. Sindano ikishuka, maji yanatoka mahali, na kwa kuwa chuma ni baridi, tone litaonekana. Fundi akikwambia "nimeangalia, hakuna kinachovuja" bila kufanya hivi, ameangalia tu.

Sindano ikishuka na nje hakuna tone, kumebaki njia za ndani. Hita: zulia la upande wa abiria limelowa, kioo kina ukungu wa mafuta, kuna harufu ya utamu. Huku Pwani hita haiwashwi hata siku moja, lakini maji hupita humo kwenye magari mengi, na watu husahau kabisa kuwa ipo. Kipoza oili: oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Kwenye dizeli za kisasa, kipoza moshi unaorudishwa injini hutoboka kwa ndani, maji yakatoka kama mvuke kwenye sailensa. Na gasketi ya silinda hedi, ambayo wote hukimbilia kuifungua kwanza ingawa hilo linapaswa kuwa la mwisho, maana kuithibitisha hakuhitaji kufungua injini. Kuna kichupa chenye maji ya buluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta. Gesi ya moshi ikipita humo, buluu inageuka njano. Dakika chache tu. Anayefungua hedi bila kipimo hicho anakisia kwa pesa yako.

Mfuniko nao ni chanzo, na ndio kipuri cha bei ndogo kuliko vyote. Kwenye Toyota za mtaani, chupa ya pembeni haiko ndani ya mgandamizo. Ni kopo la akiba. Injini ikipata joto, maji ya ziada hutoka kupitia mfuniko na kuingia kopo. Ikipoa, vali ndogo katikati ya mfuniko huyarudisha. Vali hiyo ikifa, maji yanaenda hayarudi. Utakuta kopo limejaa hadi juu na rejeta ni tupu, na mwenye gari ataapa kwamba maji yapo. Kwa gari la aina hiyo, kopo lililojaa halithibitishi kitu: fungua rejeta yenyewe, asubuhi, injini ikiwa baridi. Volkswagen au Mercedes-Benz ni tofauti: chupa yao iko ndani ya mzunguko, na ndiyo maana sensa ikawekwa humo.

Inabaki hali ambayo kila mtu hutamani iwe yake: maji yamejaa, alama haishuki wiki nzima, na alamu bado inalia. Sasa, na si kabla, ni zamu ya fundi umeme. Niliwahi kusimama kwenye gereji moja ya Tabata nikisubiri kazi yangu, mzee mmoja akaingia na Volkswagen Golf, akapokewa na fundi kijana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii kelele inanipasua kichwa. Ikate tu."

"Nitaikata mzee wangu, ila maji uliyaangalia lini?"

"Yapo."

"Ngoja tuyaone kwanza, maana nikishakata, hutaambiwa tena."

Kijana yule alifungua boneti, akainama, akaangalia mstari kwa tochi ya simu. Maji yalikuwapo kweli. Akachomoa soketi chini ya chupa, akachukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili ya soketi, akamwomba mzee awashe swichi. Kimya. Jibu limepatikana hapohapo: waya kutoka chupani hadi dashibodi ni mzima, na dashibodi inafanya kazi. Ugonjwa uko kwenye vijiti. Kama alamu ingeendelea kulia, waya ungekuwa umekatika njiani au kitengo cha ndani kingekuwa kimekufa, na kutafuta kungeanzia upande huo. Kipimo hiki ni cha mfumo wa vijiti. Kwa boya lazima ujue aina yako, maana kuna swichi zinazofunga mzunguko maji yakipungua na kuna zinazoufungua. Hapo unatumia mita, unashusha na kupandisha boya kwa mkono, unaangalia kama usomaji unabadilika.

Kijana alieleza njia mbili. Chupa mpya, au kuitoa hii na kuisafisha vijiti. Mzee akauliza kama ule waya hauwezi kubaki palepale, mbona kelele imeisha? Na hapo ndipo penyewe. Waya ule unabaki kwenye magari mengi. Ni wa bure, unafanya kazi leo, na hasara yake haitamwangukia fundi. Ni ukoo mmoja na kung'oa themostati ili gari "lipoe vizuri", tabia iliyoenea kuanzia Dar hadi Kampala: injini haifiki joto lake, inakula mafuta, inachakaa upesi, na rejeta iliyoziba iliyokuwa chanzo cha yote inaendelea kuziba. Sidhani tatizo ni mafundi kutojua. Wengi wanajua vizuri sana. Mteja analipia ukimya, hivyo anauziwa ukimya.

Magari yaliyotumika hubadilisha mikono, na waya ule husafiri nayo. Anayenunua leo hana njia ya kujua kwa kutazama dashibodi, kwa sababu dashibodi yenye alamu iliyouawa hufanana kabisa na ya gari zima. Kuna jaribio la dakika mbili ambalo muuzaji mwaminifu hatalikataa. Washa swichi bila kuwasha injini: kwenye magari mengi yenye alamu hii, taa ya maji huwaka kwa muda mfupi ikijipima, kisha huzima. Isipowaka kabisa, uliza kwa nini. Halafu fungua boneti, fuata waya kutoka chini ya chupa, uone kama unaingia kwenye soketi ya kiwandani au umefungwa kwa utepe mweusi. Kwenye gari la vijiti, chomoa soketi hiyo huku swichi ikiwa imewashwa na usubiri kidogo. Gari lazima lilie. Lisipolia, punguza bei, na usiondoke na gari hilo kabla mfumo wa maji haujapandishwa mgandamizo na kuachwa robo saa.